Macho yenye Furaha Hayachoki

Sentensi hiyo niliitunga mimi. Naiweka hapa juu kabisa nisije nikaificha katikati, maana najijua, mimi ni mtu wa kuficha. Darasani nikiulizwa jambo ninalolijua nanyamaza mpaka mwenzangu ajibu, halafu nikifika nyumbani naandika jibu langu kwenye kaye, daftari langu la shule, kama vile kuna mtu atakuja kulisahihisha. Sauti yangu hawaisikii hata walio kwenye benchi moja nami. Lakini sentensi ile ilisikika. Wanawake wote wa kiwanda kimoja cha kahawa waliisema kila asubuhi wakiwa wamesimama, na mmoja wao ni mama yangu.

Sista wa Kifaransa anatuambia kwamba mtu mwenye hasira asishike kalamu mpaka hasira ipoe. Yangu nimeiacha ipoe tangu Pasaka. Haikupoa.

Tunakaa mtaa wa Kinama, mama na mimi. Tulivuka kutoka Uvira wakati wa vita ya ng'ambo. Baba alitufikisha hapa, akarudi kuchukua cherehani yake, na tangu siku hiyo hatujapata habari yake wala ya cherehani. Mama hakukaa kulia. Alipata kazi ya kuchagua kahawa katika kiwanda kimoja upande wa bandari, akawa anaondoka na giza la asubuhi kwa miguu pamoja na wanawake wengine wa mtaa, chakula kimefungwa kwenye kitambaa.

Kahawa ikishakobolewa, mashine haijui ipi nzuri na ipi mbovu. Linalojua ni jicho la mtu. Kwa hiyo kuna ukumbi mrefu wenye meza ndefu, wanawake wameketi pande zote mbili, na kila mmoja amemwagiwa lundo lake. Kazi yake ni kutoa mbegu nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu, na ile ya rangi ya maziwa yaliyoharibika ambayo ndiyo adui mkubwa, kwa sababu inafanana na nzuri. Mbegu moja ya aina hiyo, mama alikuwa akinieleza, inatosha kuchachusha birika zima la mtu wa Ulaya ambaye hata hajui kama sisi tupo. Gunia likijaa, kapita, yaani msimamizi wa ukumbi, anakuja, anatia mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa konzi ya kahawa na kuitandaza juu ya kitambaa cheupe. Akiona mbovu nyingi, gunia zima linamwagwa tena mezani mbele ya wote. Mama alikaa miaka bila kumwagiwa gunia. Alijivunia hilo kuliko kitu chochote, kuliko hata mimi kuingia sekondari, nadhani.

Mwanga wa ukumbi ulitoka juu. Kati ya mabati walikuwa wameweka vioo, mstari mmoja wa vioo kutoka mwanzo wa paa mpaka mwisho. Ikaja mvua ya mawe, vioo vikavunjika karibu vyote. Mwenye kiwanda, Mzungu ambaye kila mtu anamwita patro, akaamuru yawekwe mabati ya kawaida, kwa muda. Huo muda bado haujaisha.

Sasa nieleze habari ya nyimbo, maana asiyezijua hataelewa kosa langu.

Kule ukumbini hakuna mwanamke anayesimama na kusema shida. Anayesema ana sura, ana meza, na kesho hana kazi. Shida inaimbwa. Rafiki ya mama ndiye alikuwa anaanzisha. Mimi namwita Mama Mdogo, na yeye anamwita mama yaya, yaani dada mkubwa, ingawa walikutana kwenye foleni ya wakimbizi tu. Mama Mdogo ana koo kama tarumbeta na mdomo usio na mlango. Anaanzisha mstari, meza inaitikia, meza ya pili inapokea, na ukifika mwisho wa ukumbi mstari huo hauna tena mwenyewe. Kapita anausikia. Akiwa na akili anarekebisha kitu bila kusema lolote, na wanawake nao wanahamia wimbo mwingine bila kusema lolote. Hivyo ndivyo choo chao kilivyopata mlango. Waliimba juma zima kuhusu mwali anayeoga huku upepo ukimchungulia, na Jumatatu iliyofuata fundi alikuja na bawaba.

Habari ya paa waliiimba msimu mzima wa mvua. Badala ya vioo, yakaja maneno.

Patro alikuwa amemlipia kapita masomo ya posta kutoka Ulaya. Vilikuja vitabu vidogo vya Kifaransa, kwenye kila jalada mwanamume anacheka mpaka meno ya nyuma. Habari ya vitabu hivyo ilikuwa kwamba mtu ni mawazo yake: mkono unafuata kichwa, kichwa kikicheka mkono hauchoki, na maskini ni mtu aliyezoea kuwaza umaskini. Kapita alivisoma kama katekisimu. Sio mtu mbaya, na hilo nalo linaniudhi, angekuwa mbaya ningepumzika. Jumapili moja baada ya misa alipiga hodi kwetu, saa yake mkononi, vitabu kwapani.

"Karibu, kapita," mama akasema, na nikaona anatafuta kwa haraka kosa alilofanya. "Iko mubaya gani?"

"Apana, mama. Leo nimeleta muzuri tu." Akaketi kwenye kiti chetu cha pekee. "Mutoto yako anajua Kifaransa. Na masista wanasema mwandiko wake uko kama wa mashine. Patro anataka maneno kwenye ukuta, kwa Kiswahili, makubwa, kila mama aone."

"Lakini wengi hawajui kusoma," mama akasema.

"Watayasema kwa mdomo kila asubuhi. Ukuta ni wa wageni."

Alilisema hivyo waziwazi, na mimi, mwanafunzi wa sekondari, sikulisikia. Nilichosikia ni mwandiko kama wa mashine. Sijawahi kumkatalia mtu mzima kitu, na siku ile hata sikutaka kukataa. Nilifurahi. Nilitandaza kartoni sakafuni, nikapiga mistari kwa rula, nikatafsiri. Leo ni bora kuliko jana. Uchovu ni wazo tu. Anayelalamika anajiibia mwenyewe. Moja aliitunga kapita mwenyewe, akaisema huku amesimama: "Chagua mawazo yako kama unavyochagua kahawa: nyeusi tupa." Nikamsifu, na kwa kweli ilikuwa nzuri.

Halafu akakuna kichwa. "Hawa mama wananisumbua na habari ya macho. Ati giza, ati macho inauma. Nimemwambia patro. Amenijibu, kioo kinatoka Ulaya kwa meli, wazo halilipi meli. Sasa, kitabu hakisemi kitu juu ya macho. We umesoma, ma fi, binti yangu. Tafuta kitu."

Nikang'ata kalamu. Mama alikuwa pale pale, anachambua mchele kwenye ungo karibu na mlango. Nikaandika: Macho yenye furaha hayachoki. Kapita aliisoma mara mbili, akapiga makofi peke yake chumbani kwetu.

Lazima niandike na hili, maana nimeahidi kutoficha. Mimi mwenyewe niliyaamini maneno yale. Ndani ya jalada la kaye yangu niliandika Mimi siogopi watu, nikawa nalisoma kimoyomoyo kabla ya kuingia darasani, na siku moja ya juma lile niliinua mkono. Nikajibu. Sista akasema vizuri sana. Kwa hiyo sisemi kwamba maneno mazuri hayana nguvu. Yana nguvu, na ubaya wake umekaa humo humo. Ningekuwa nimewaandikia upuuzi mtupu, usingemdhuru mtu.

Basi ikawa kila asubuhi kabla ya kuketi wanawake wanasimama nyuma ya mabenchi, kapita anataja, wao wanarudia, na lazima meno yaonekane. Asiyecheka anaambiwa ana mawazo meusi. Mwenye mawazo meusi anapewa lundo la takataka, lile la mwisho kabisa la msimu, ambalo hata jua la saa sita halitoshi kulichagua.

Mama Mdogo alikuja kwetu jioni ya siku ya kwanza akicheka hadi akashika mbavu. "Yaya, we ulisikia? Zamani walikuwa wanataka mugongo yetu. Sasa tumepata uhuru, wanataka meno!"

"Nyamaza, mutoto ndiye ameandika," mama akamwambia.

Mama Mdogo akaniangalia. "Hee. Basi mwandiko uko muzuri," akasema, na hakucheka tena jioni ile.

Kwa muda mrefu sikuona kitu. Niko shuleni, narudi, nasoma. Niliona tu kwamba mama ameanza kugonga kikombe anapokichukua upande wa kushoto, na kwamba uzi wa sindano ananipa mimi. Nikadhani ni uzee, ingawa hana umri huo. Kisha gunia lake likamwagwa. Sikuambiwa, nilisikia wanawake wakilisema kisimani kwa sauti ya msibani. Likamwagwa la pili. Kapita hakumfokea. Aliinama kwenye sikio lake na kumuuliza kwa upole, "Mama, kichwani unawaza nini? Ukiwaza giza, utaona giza."

Na mama yangu akajiuliza anawaza nini. Mwanamke aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kuwa na shaka na akili yake, akaanza kujichunguza. Nilimkuta ameketi mlangoni na ungo wa maharage, uso umekaza tabasamu, midomo inatembea. Nikadhani ni rozari. Nikasogea. Ilikuwa sentensi yangu.

"Mama, unafanya nini?"

"Najizoeza. Mi ndiye mubaya. Nawaza sana baba yako, ndio maana macho inakataa. Kapita amesema kweli, nimebeba nyeusi nyingi ndani."

"Twende dispensari."

"Apana! Nikionekana dispensari watasema yule mama amekubali ugonjwa. Niache kwanza nifikiri vizuri."

Nikamwacha. Andika, mkono: nikamwacha. Nilikuwa na mtihani wa jometri.

Likizo ya Pasaka, patro alikuwa analeta wageni, wanunuzi kutoka ng'ambo ya bahari. Kapita akaomba nije na sare yangu ya shule, nisimame karibu na ukuta na kuwasomea wageni maneno kwa Kifaransa. Sikuwa nimewahi kuingia ule ukumbi. Nilipopita mlango nilisimama kwanza kama mtu aliyeingia kanisani kutoka juani, nikingoja macho yazoee. Yalizoea kidogo tu. Vumbi la maganda lilikuwa limening'inia hewani na chini yake vichwa vimeinama, safu kwa safu. Kartoni zangu zilikuwa ukutani. Kutoka meza ya tatu niliweza kusoma herufi kubwa za mwanzo tu, na mimi nina macho ya miaka kumi na sita.

Mama alikuwa kwenye meza ya tatu. Uso wake ulikuwa karibu kugusa kahawa, kama mtu anayeinusa. Patro akapita na wageni, kapita akapiga kofi moja, wanawake wote wakainua nyuso na kutabasamu. Mama aliinua yake. Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua mbili, kwa sare anayoifua kila Jumamosi kwa mikono yake. Alinitabasamia tabasamu lile lile alilowapa wageni, kisha akainama tena. Hakujua ni mimi.

Hapo Mama Mdogo akaanzisha, bila kugeuka:

"Mungu aliweka jua, bwana akaweka bati.
Kahawa nyeusi, nyumba nyeusi, nani atachagua nani?"

Meza ikapokea, na ya pili, na ya mwisho. Ulikuwa mzuri, wageni wakatikisa vichwa kufuata mapigo. Mgeni mmoja mwenye kofia mkononi akauliza wanaimba nini. Kapita akaruka: "Wanasifu kahawa, bwana." Lakini mgeni alikuwa ananitazama mimi, mtoto wa sare. "Na wewe binti, unasemaje?"

Nilisema. Mara ya kwanza hakuna aliyesikia, ikabidi nirudie kwa nguvu. Nilitafsiri mstari wa kwanza na wa pili, sawasawa, kama tunavyofundishwa, bila kupunguza neno. Kisha nikafanya kile ambacho hakuna mwanamke wa ule ukumbi angekifanya hata kwa kichaa: nikanyoosha kidole. "Na yule ni mama yangu. Haoni. Amenitazama na hakunijua."

Wanawake hawakuelewa Kifaransa, ila kidole walikielewa. Wimbo ukakatika.

Nikangoja. Sijui nilingoja nini. Patro akacheka kwa furaha ya kweli, akawageukia wageni: "Mnaona? Hata paa langu wanalifanyia mzaha! Ndiyo ile roho nzuri niliyowaambia." Wakacheka wote. Akanipiga piga begani, akasema Kifaransa changu ni safi. Halafu alipokuwa anatoka, nikamsikia anamwambia kapita, chini kwa chini, bila kicheko: "Yule mwanamke. Mwangalie."

Kesho yake kapita alitandaza kitambaa cheupe, akamwaga konzi ya kahawa, akamwambia mama atoe mbovu mbele ya wote. Mama alizitoa nzuri. Mbovu akaziacha zimekaa kwenye kitambaa, nyeusi juu ya nyeupe, upande wa kushoto. Kapita alifunga kitambaa pole pole. "Nenda upumzike, mama. Rudi siku utakuwa na mawazo mapya." Na Mama Mdogo, kwa kuwa kidole changu kilielekea meza yao na sasa wimbo ulikuwa na mwenyewe, alitolewa mezani akapelekwa uani kubeba magunia.

Alifika kwetu jioni na shingo imevimba kwa mzigo. Hakuketi.

"We mutoto, nani alikutuma?"

Nikamsogezea kiti, akakisukuma kando.

"Tuliimba ili kusikuwe na mutu aliyesema. Unaelewa? Wote tumesema, hakuna aliyesema. We ukatoa kidole!"

"Nilisema kweli," nikanong'ona.

"Kweli! Sisi hatukujua kweli? Tulikuwa tunangoja mwanafunzi atuletee kweli kwa Kifaransa?"

"Mudogo wangu, acha," mama akasema kutoka kitandani. "Mutoto aliona mama yake haoni. Ungefanya nini?"

Mama Mdogo akamgeukia mama. "Na we, yaya. Haukuona tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka huu."

"Tangu mvua! Tunakula sahani moja, tunatembea njia moja, we unatukalia kimya? Kwa nini haukusema?"

"Nilikuwa nafikiri vizuri."

Nilitoka nje. Nilisikia Mama Mdogo anatukana, sijui anamtukana nani, matusi ya Kibembe ambayo sikuyajua yote, na ghafla yakageuka kuwa kilio. Asubuhi alikuja mapema, hakwenda kazini, akamshika mama mkono mmoja, akanipa mimi ule mwingine bila kunitazama, tukaenda dispensari ya masista.

Sista wa pale alizima mwanga, akamulika jicho la kushoto la mama kwa kurunzi ndogo, akakaa nalo muda mrefu. Kisha la kulia. Aliniita pembeni kwa sababu ya Kifaransa changu, kile kile safi. Jicho la kushoto limekwisha, akasema. Ni ugonjwa wa ndani ya jicho, unakula kuona kidogo kidogo kuanzia pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. La kulia limeanza. Tutalizuia kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Nikamuuliza kama ni giza la kiwandani. Akasema hapana, giza halimletei mtu ugonjwa huu. "Lakini mngekuja mvua zilipoanza ningeliokoa hata la kushoto. Mlikuwa mnangoja nini?"

Kwa hiyo patro hakumpofusha mama. Naliandika kwa haki, ingawa haki hiyo inanikaba. Paa lake halikumpofusha. Kilichomnyima jicho ni kuuficha ugonjwa, na aliuficha kwa sababu alifundishwa kuwa kuumwa ni tabia mbaya. Kioo cha paa kinanunuliwa, kinasafirishwa, fundi analipwa. Ukimwambia mtu ajirekebishe kichwa, gharama yote inahamia kwake, na akishindwa anaona aibu, na mwenye aibu haombi kitu. Sijui vile vitabu vyenye meno vinaliita jambo hili kwa jina gani. Mimi naliita wizi.

Tulirudi kwa miguu. Mama Mdogo alitangulia. Nikaona kama sikusema wakati ule, nitalibeba mpaka nizeeke.

"Mama. Ile sentensi ya macho haikutoka kwenye kitabu cha Wazungu. Niliitunga mimi."

Aliendelea kutembea, mkono wake juu ya bega langu.

"Najua," akasema. "Kapita alituambia siku ile ile, alijivuna sana juu yako. Ndio maana niliishika ile moja. Zile zingine nilisema ni mambo ya Wazungu, zinapita. Lakini ile nikasema, hii mutoto wangu ndiye ameandika, amesoma, hawezi kuniandikia uongo."

Hakulisema kwa kunilaumu. Alilisema kama anavyosema mvua imenyesha. Tulikuwa tumefika karibu na njia ya Mutakura, watu wanauza ndizi, na mimi nilitaka ardhi inimeze pale pale katikati ya ndizi za watu.

Siku hizi namtilia matone kabla ya shule na nikirudi. Mama Mdogo bado anabeba magunia. Ukumbini hawaimbi tena. Kapita amewaomba, amewatisha, anawauliza mbona kimya, na wanawake wanamjibu kwa heshima zote, meno nje: "Tunaimba ndani ya mawazo, kapita." Hilo ndilo jambo pekee katika habari hii yote lililonichekesha.

Jumapili iliyopita alipiga hodi tena. Saa ile ile, vitabu vipya viwili. Akamsalimia mama kwa kuinama, akamuuliza hali, akamwambia pole, na naapa pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akanigeukia.

"Ma fi, iko habari nzuri. Patro ameweka taa."

Nikauliza haraka, "Juu ya meza?"

"Juu ya ukuta. Wale wageni walisema maneno hayasomeki." Akatabasamu. "Sasa yanasomeka sana, hata kutoka mlangoni. Anataka mengine kumi."

Nilikuwa nimeshika chupa ya matone. Niliitazama ile chupa, kwa sababu siwezi kumtazama mtu mzima usoni, na nikasema, "Apana."

"Apana nini?"

"Siandiki."

"Hauna wakati?"

"Wakati ninao."

Alingoja nieleze. Sikueleza. Hakuna neno zuri hata moja nililojiambia kichwani, nilisimama tu na woga wangu wote. Kapita hakukasirika. Alitikisa kichwa kwa huruma, akakusanya vitabu. "Hizo ni nyeusi unazibeba, mutoto wangu. Si kitu. Wanafunzi wengine wapo." Akamuaga mama, akatoka.

Nilimsikia anakwenda hatua chache tu, nyumba ya tatu, kwa msichana wa mwaka wa kwanza ambaye mama yake naye yuko meza ya pili. "Hodi," akasema, kwa sauti yake ile ya heshima. Na sauti ya mwanamke ikamjibu kwa haraka, akitafuta kosa alilofanya: "Karibu, kapita. Iko mubaya gani?"

Nikampa mama chupa aishike. Sijawahi kuingia nyumba ya watu bila kuitwa na mtu wa nyumba hiyo. Nilivaa kandambili, nikavuka uwanja, na mlango ulikuwa bado wazi nyuma ya kapita nilipoingia.